Diploma Bila Adabu

Mara nyingi tunawasikia wazazi wakisema kwa fahari: «Mtoto wangu anasoma universite.» Fahari hiyo ni haki yao. Lakini tunawauliza neno moja: mtoto huyo anaishi namna gani na wale wanaomfundisha? Maana jambo baya limeingia katika vyuo vikuu vya Kongo, nalo ni utovu wa adabu kwa walimu walio kazini.

Tulitaje waziwazi. Mwalimu anafundisha, wengine wanapiga miluzi nyuma ya chumba. Anaandika ubaoni, simu inalia, na mwenye simu anajibu kwa sauti kubwa. Baada ya mtihani wanampigia usiku wa manane kumdai pointi, kama vile mtu anavyodai deni. Asiyezipata anamtukana katika makundi ya WhatsApp, huku akificha jina lake. Tena mwalimu akiwa mwanamke kijana, matata yanazidi: mwenzake mwanamume anaitwa «Profesa», yeye anaitwa «dada». Je, huo ndio ustaarabu?

Wako wanaotujibu: «Hao maprofesa wenyewe si watakatifu! Wako wanaouza pointi, wako wanaotulazimisha kununua silabusi, wako wasioonekana mpaka siku ya mtihani.» Ni kweli, watu wa namna hiyo wako, wala sisi hatuwatetei. Lakini tusichanganye mambo mawili. Mwalimu mwovu ashtakiwe. Wanafunzi waandike barua kwa dekani, waeleze mambo yalivyo, watie sahihi. Hiyo ndiyo kazi ya mtu mzima. Tusi halirudishi hata franka moja ya silabusi. Na mara nyingi halimwangukii yule mwovu, kwa sababu mwovu anaogopwa. Linamwangukia asistenti mpole aliyefika kwa saa yake, na karatasi zote amekwisha kuzisahihisha.

Lakini wanafunzi si wakosefu peke yao. Yuko profesa anayemgombeza asistenti mbele ya darasa zima: «Wewe hujui kitu!» Yuko anayemtuma sokoni kama mtumishi wa nyumbani. Yuko karani anayemwacha mwalimu mzee asimame kwenye ujia tangu asubuhi, naye anaongea na rafiki zake. Vijana wanayatazama hayo yote. Somo hilo halimo katika programu, lakini wanalishika upesi kuliko masomo mengine. Mwenye cheo akimdharau aliye chini yake, atashangaa nini siku atakapodharauliwa mwenyewe?

Tukumbuke tulikotoka. Lovanium ilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954, na chuo kikuu cha Elisabethville kilianza mwaka 1956. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wakongo wenye diploma ya universite walikuwa wachache mno. Kuwapata maprofesa wa nchi yetu wenyewe kulikuwa kazi ya miaka mingi, na hata leo profesa hapatikani kwa mwaka mmoja. Kwanza anakuwa asistenti: anaongoza mazoezi, anasahihisha karatasi, na wakati huohuo anatafuta udaktari wake. Mara nyingi mshahara wake ni mdogo, tena unachelewa. Tukimwongezea matusi, ataondoka kutafuta kazi penginepo, na hakuna wa kumlaumu. Basi wadogo wetu watafundishwa na nani?

Hatusemi kwamba mwanafunzi anyamaze kama jiwe. Kuuliza si ujinga, na kubisha kwa hoja si utovu wa adabu. Chuo kikuu ni mahali pa kubishana, lakini hakuna anayeweza kubishana vema na mtu asiyetaka kumsikiliza.

Wazazi, msimwachie profesa kazi ya kumfundisha mtoto wenu salamu. Nanyi maprofesa, waheshimuni maasistenti wenu, hasa mbele ya wanafunzi. Na ninyi vijana, mkiingia darasani zimeni simu, sikilizeni, kisha ulizeni. Mkiwa na lalamiko, liandikeni, na chini yake wekeni majina yenu.