Kabla hujauliza gia ngapi, uliza inasimamaje

Mwezi huu naomba tuongelee kitu ambacho watu wa rika letu wamekianza kwa kasi: baiskeli. Sio ile ya ukumbi wa mazoezi, unayoikanyaga saa nzima huku umeukodolea macho ukuta. Naongelea baiskeli ya milima, ile yenye matairi mapana ya meno, ambayo mtaani wengi wetu tunaiita tu baiskeli ya gia.

Wanaoniuliza habari zake wengi wao ni wapenzi na wanandoa. Wamechoka kukutana jioni wakiwa hoi, kila mmoja na simu yake, wanataka kitu cha kufanya pamoja Jumamosi. Wazo zuri kabisa. Tatizo ni swali wanaloanza nalo: "Tununue za gia ngapi?" Jamani, hilo swali liwe la tano au la sita huko. La kwanza ni inasimamaje, na la pili ni inamtosha nani. Haya mawili mtayaona mbele kwamba ni kitu kimoja.

Tuanze na mchezo wenyewe ulipotoka. Katika miaka ya 1970, vijana wa Marin, California, kule Marekani, walikuwa wakiokota baiskeli kuukuu nzito za miaka ya 1930 na 1940, wanazipandisha mlimani, kisha wanateremka nazo kwenye vumbi. Tarehe 21 Oktoba 1976 wakafanya mashindano yao ya kwanza karibu na mji wa Fairfax, kwenye njia inayoshuka kama mita 400 ndani ya kilomita zisizofika 4. Baiskeli zile zilikuwa na breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, breki yenyewe ikiwa ndani ya habu ya gurudumu la nyuma. Wakifika chini, habu imepata moto mpaka grisi imeungua na kutoa moshi. Ikabidi kila mara wafungue na kushindilia grisi mpya. Njia ile wakaiita Repack, kwa sababu ya kazi hiyo ya kushindilia upya.

Umeelewa lakini? Mchezo ulianza kwa watu waliokuwa na shida ya breki. Gary Fisher, Joe Breeze, Charlie Kelly na wenzao walihangaika kutafuta baiskeli itakayoteremka na kusimama. Mwaka 1981 Specialized wakaingiza sokoni Stumpjumper, na mwaka 1996 baiskeli za milima zikaingia kwenye Olimpiki ya Atlanta. Mapambo mengine yote yalifuata baadaye.

Sasa turudi nyumbani. Kama ni mtu wa Dar, Segera unaijua kwa tumbo. Umetoka alfajiri, umepita Chalinze, Mkata na Kabuku, basi linasimama, mnashuka kula haraka haraka, machungwa yanauzwa dirishani. Hapo ni njia panda: kulia ni Hale, Muheza na Tanga, kushoto ni Korogwe, Mombo, mpaka Moshi na Arusha. Basi linapiga honi, mnaondoka. Wengi wetu tumepita hapo mara ishirini na hatujawahi kuona kilichopo nyuma ya vibanda vya chakula.

Mimi nasema kwa anayeanza mchezo huu, kipande hiki cha Handeni na Korogwe ni shule nzuri. Kuna barabara za vumbi zinazokwenda vijijini, kuna vilima vidogo vidogo, na kuelekea Hale na Ngombezi kuna mashamba ya mkonge. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na njia za mashamba yake zimenyooka, ziko wazi, unaona mbali. Ukishajiamini, Usambara inakusubiri. Mombo iko chini kama mita 400 na kitu juu ya usawa wa bahari. Lushoto, zaidi ya kilomita 30 mbele, iko karibu mita 1,400. Hizo ni kama mita 1,000 za kuteremka. Fikiria sasa swali langu la breki.

Halafu kuna walimu wa bure. Tazama wenyeji wa huko wanavyoendesha. Mtu ana Phoenix ya chuma, haina hata gia moja ya kubadili, keria imefungwa magunia au madumu, na anaipeleka kwenye mchanga ambao mimi na wewe tungeshuka. Hakimbii. Anajua pa kukanyaga, pa kuacha itereze yenyewe, na pa kushuka na kusukuma. Yeye kusukuma sio aibu. Kwa nini kwako iwe aibu?

Nina rafiki yangu wa kike, ameolewa, wote wawili wana kazi nzuri tu. Mumewe, shemeji yangu mpenda mambo makubwa, alinunua baiskeli mbili zinazofanana kila kitu, nyekundu na nyekundu. Watu wakasifia kweli. Jumamosi ya kwanza dada akarudi mabega yanauma. Ya pili, kila wakifika mteremko, yeye anashuka na kutembea. Shemeji anasubiri chini, anaangalia saa. Ya tatu wakagombana njiani. Shemeji akasema, "Wewe ni mwoga, na hupendi vitu ninavyovipenda." Dada akajibu, "Na wewe hujawahi kunisubiri kwa moyo." Unaona? Hapo baiskeli imeshasahaulika, imeingia kesi nyingine kabisa. Ile nyekundu ikakaa ukumbini miezi kadhaa imetundikwa kofia na miavuli.

Aliyemaliza kesi ni fundi baiskeli wa chini ya mwembe. Alimwambia dada apande, ashike usukani, kisha afikie breki kwa vidole. Vidole havikufika vizuri. Ilibidi anyooshe mkono mzima na kuinama mbele ndipo azikamate. Fundi akasema, "Dada, hii siyo yako. Hii ni ya kaka, amekuazima tu." Fremu ilikuwa kubwa kwake. Mtu ambaye hafikii breki halafu anateremka mlima, woga wake ni akili timamu. Shemeji alikaa kimya, kisha akaomba msamaha. Baiskeli ile ikauzwa, ikapatikana ndogo ya mtumba, na sasa ni dada anayemwamsha mwenzake saa kumi na moja alfajiri.

Ndiyo maana nasema kipimo na kusimama ni jambo moja. Basi ukienda dukani au kwa wauza mtumba, fuata mpangilio huu.

Kwanza, mwili wako. Simama ukiwa umepanda, nyayo zote mbili chini, bomba la juu la fremu likiwa katikati ya miguu. Pabaki nafasi ya vidole vinne hivi au zaidi kati yako na bomba. Kisha kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo kama inavyotakiwa, goti litakunjika kidogo, na hapo ndipo penyewe. Ukishika usukani, viwiko visinyooke kama unasukuma gari bovu. Kiti kinapandishwa na kushushwa, lakini fremu ndefu haifupishwi. Na hapa akina kaka nawaomba: usimnunulie mwenzako baiskeli kwa kumshtukiza. Nenda naye, apande mwenyewe.

Pili, breki. Zipo za raba zinazobana ringi, na zipo za diski. Diski zinasimama vizuri zaidi kwenye matope na maji, lakini zile za mafuta zinahitaji vifaa ambavyo fundi wa kijijini anaweza asiwe navyo. Diski za waya ziko katikati. Za raba zinaeleweka kwa kila fundi, na raba zenyewe ni za bei ndogo. Kwa anayeanza, breki nzuri za raba zinazofanya kazi zina thamani kuliko diski mbovu ya kupendeza. Zijaribu moja moja: bana ya mbele, sukuma baiskeli, gurudumu lisizunguke. Fanya hivyo na ya nyuma. Kama mikono ya breki iko mbali na vidole vyako, nyingi zina skrubu ndogo ya kuisogeza karibu. Mwambie fundi.

Tatu, matairi. Mapana, yenye meno, yasiyo na nyufa ubavuni. Saizi zipo 26, 27.5 na 29. Kubwa zinapita juu ya mawe kwa urahisi zaidi, lakini 26 ni ya siku nyingi na za mtumba zimejaa saizi hiyo. Kabla hujalipa, muulize fundi wa mtaani kwako kama tyubu ya saizi hiyo anaipata. Kule kwenye mkonge kuna miiba, na ncha ya jani lake ni sindano. Pancha utapata, hilo lisikushangaze.

Nne, shokapu. Za mbele zinatosha. Baiskeli ya bei poa yenye springi na nyuma pia inavutia kwa macho, lakini ni nzito, na ukipanda mlima inadunda dunda, nguvu zako zinaishia kwenye springi.

Tano, ndipo tuje kwenye gia. Maandishi ya gia 21 yasikutie kizunguzungu. Ni duara tatu mbele mara saba nyuma, na nyingi kati ya hizo zinakaribiana. Baiskeli nyingi za kisasa za bei mbaya zina duara moja tu mbele na 12 nyuma. Unachohitaji ni gia moja nyepesi kweli ya kupandia na cheni isiyoruka ukibadilisha.

Kama ni mtumba, kagua fremu sehemu za kuchomelea usione ufa, zungusha magurudumu uone hayayumbi, na usiondoke bila risiti. Na kwenye bajeti tenga kabisa pesa ya helmeti mbili, pampu, tyubu ya akiba, viraka na spana. Kama hela haitoshi vyote, shusha hadhi ya baiskeli, helmeti ibaki.

Sasa siku yenyewe. Pale Segera usithubutu kuingia barabara kuu kwa mbwembwe. Mabasi na malori yanapishana hapo usiku na mchana. Baiskeli zitoke kwenye buti la basi, zisukumwe mpaka njia ya vumbi, mpande huko. Anzeni na kilomita kumi tu, alfajiri kabla jua halijawa kali, na maji ya kutosha kila mmoja. Miezi ya masika, Machi mpaka Mei, udongo unanata mpaka magurudumu yanagoma. Subirini ukauke. Kwenye shamba la mkonge ombeni ruhusa kwanza, maana ni mali na sehemu ya kazi ya watu. Mkikutana na mzee, punguzeni mwendo na mtoe shikamoo. Njia ni yake kabla haijawa mchezo wenu.

Kwenye mteremko inua makalio kidogo, rudisha uzito nyuma, tazama mbele unakotaka kwenda, na bana breki zote mbili taratibu. Ya mbele ina nguvu zaidi, kwa hiyo ukiibana ghafla inaweza kukurusha juu ya usukani. Ukiwa mteremko mrefu kama ule wa Lushoto, usining'inie kwenye breki mwanzo mwisho. Bana, achia, bana, achia. Simama kabisa upumzike, mikono ipoe na ringi zipoe. Wale vijana wa California na grisi yao ya moshi walishatulipia somo hilo.

La mwisho ni la wapendanao. Anayeenda polepole atangulie mbele. Kanuni hii moja tu inaokoa mengi. Akiwa nyuma, kila anapokufikia wewe umeshapumzika na unataka kuondoka, yeye hajapumzika hata kidogo. Akiwa mbele, yeye ndiye anayepanga mwendo, na wewe mwenye nguvu unapata nafasi ya kumwona, kusikia akikuita, na kusimama akisimama. Kuna watu wako kwenye ndoa miaka sita na hawajawahi kujua mwenzao akipangiwa mwendo wake mwenyewe anafika wapi. Anafika mbali, niamini.

Basi Jumamosi hii msikimbilie kulipa. Nendeni wote wawili, kila mmoja apande, kila mmoja abane breki kwa vidole vyake. Atakayesema "hii hainitoshi" asikilizwe. Tukutane mwezi ujao, majaliwa.