Kabila Moja kwa Lazima: Hoja Tano Zisizosimama

Mkenya aliyezaliwa na baba wa kabila moja na mama wa jingine anaijua amri hii: kwenye fomu, chagua moja, na liwe la baba. Wanaoitetea wana hoja tano, nanyi mmezisikia. Nazipanga hapa moja baada ya nyingine. Hukumu ni yenu.

Ya kwanza ni ya mila: mtoto ni wa baba, na mkataa kwao mtumwa. Ni kweli kwamba jamii nyingi za Kenya hufuata ukoo wa baba. Nyingi, si zote: Wadigo wa Kwale kwa vizazi walirithishana kupitia ukoo wa mama. Hata pale mila inapompa baba mtoto, ibara ya 14 ya Katiba ya 2010 inasema ni raia wa kuzaliwa yule ambaye mama au baba yake ni raia. Mama anatosha kumpa mtoto nchi, ila hatoshi kumpa kabila? Tena anayemtaja mama hajakataa kwao. Kwa mama nako ni kwao.

Ya pili inasema kabila ni damu, halichaguliki. Tuikubali kidogo tuone itatufikisha wapi. Mtoto wa Mluo na Mkamba ana damu ya nani? Ya wote wawili. Basi hoja hii, ikifuatwa mpaka mwisho, inataka fomu ipokee majibu mawili, kinyume kabisa na alichokusudia aliyeileta. Isitoshe, majina yenyewe hayakushuka na damu. Kalenjin na Mijikenda, kama majina ya kuziunganisha jamii za jirani, yalishika katika miaka ya 1940. Watu waliamua kujiita hivyo, na leo hakuna anayewauliza vipimo vya damu.

Ya tatu ni ya udanganyifu. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 hairuhusu taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Kwa hiyo, wanasema, mwenye asili mbili ataandika ile itakayompa kazi. Hofu hii ina msingi. Tatizo ni dawa yao. Anayelazimishwa kuandika moja ndiye anayepewa nafasi ya kuficha nyingine. Anayeandika zote mbili hana alichobakiza mfukoni, na kanuni ya kumhesabu inaweza kutangazwa mapema. Halafu rudini kwenye hoja ya pili: kama kabila halichaguliki, wanaogopa watu wachague nini?

Ya nne inadai takwimu zitavurugika. Marekani iliruhusu alama zaidi ya moja kwenye swali la rangi katika sensa ya 2000, na asilimia 2.4 ya watu wakafanya hivyo. Mwaka 2020 walifika asilimia 10.2. Wapinzani wangu watakimbilia kusema kwamba sehemu ya ongezeko hilo ilitokana na kubadilishwa kwa maswali na kwa namna ya kuchambua majibu. Ni kweli, na ushahidi huo ni wangu: fomu hutengeneza takwimu. Fomu ya jibu moja nayo inazitengeneza, kwa kufuta nusu ya jibu kisha kuita mabaki usahihi. Wala ruhusa haimlazimishi mtu. Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mluo wa Siaya, mwaka 2010 aliweka alama moja tu, ya watu weusi, ingawa angeweza kuongeza ya pili.

Ya tano ndiyo tamu zaidi masikioni: andika "Mkenya", yaishe. Katika sensa ya 2009 zaidi ya watu 600,000 walihesabiwa hivyo, na ni haki yao. Lakini mbona uzalendo huu unadaiwa kwa waliochanganya damu pekee? Kama swali ni baya, lifutwe kwa wote. Tanzania haijauliza kabila kwenye sensa tangu 1967. Kama ni zuri, lipokee jibu la kweli. Mwaka 2017 serikali iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Wengi wao walikuwa raia tangu zamani, na serikali haikuwajibu kwamba "Mkenya" inawatosha.

Ninachodai ni kidogo: fomu iruhusu zaidi ya jibu moja, na karani aandike anachoambiwa. Anayepinga atueleze kwanza ni ipi kati ya hoja zake ameamua kuitupa. Kabila haliwezi kuwa damu isiyobadilika, tena mbinu ya kutafutia kazi, tena kitu cha kusahauliwa kwa kuandika "Mkenya", vyote kwa pamoja.