Mafunzo ya Kazini Katika Vituo vya Umeme Yasiwe Muhuri Mtupu

Kila mwaka, mitihani inapokaribia kwisha na vumbi la kiangazi kuanza kutanda juu ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, vijana wa vyuo vikuu huanza kubeba barua. Wanafunzi wa umeme na wa mitambo hupita ofisi kwa ofisi, bahasha mkononi, wakiomba staji, yaani mafunzo ya kazini ya mwezi mmoja au miwili katika kituo cha kuzalisha umeme. Baadhi yao hupokelewa. Wengine huambiwa warudi kesho, na kesho yake huambiwa vilevile. Mwisho wa likizo kubwa wengi huwa na karatasi yenye muhuri. Lakini ni wangapi kati yao waliwahi kusimama kando ya mashine iliyofunguliwa, wakaelezwa imechakaa wapi na kwa sababu gani?

Ndugu wasomaji, swali hili halihusu wahandisi peke yao. Linamhusu mama anayeuza samaki wa barafu, mgonjwa aliye kitandani hospitalini, na mtoto anayesoma kwa mshumaa. Nchi yetu ina maji yanayoweza kutoa megawati zipatazo 100,000, na bado wenye umeme nyumbani ni takriban mtu mmoja tu kati ya watano. Tumezoea kusema kwamba fedha ndizo zinazokosekana. Ni kweli, lakini hata fedha zikipatikana, lazima wapatikane watu wanaoweza kuitunza mitambo.

Umeme wa Katanga haukuanza jana. Kituo cha Mwadingusha, juu ya mto Lufira, mashariki ya Likasi, kilianza kazi mwaka 1930. Koni ilifuata mwaka 1950 kwenye mto huohuo, na katika miaka hiyo ya 1950 vikajengwa Nzilo na Nseke juu ya mto Lualaba. Mwaka 1982 ikafika Kolwezi ile njia ya nyaya kutoka Inga, yenye urefu wa kilometa karibu 1,700, mojawapo ya njia ndefu kabisa za umeme duniani. Huu ni urithi mkubwa, na sehemu yake kubwa ni mashine za umri wa babu zetu.

Mashine ya umri huo haitunzwi kwa kitabu peke yake. Kitabu kinaeleza jinsi ilivyotoka kiwandani. Hakiwezi kueleza ilivyo baada ya miaka 60 ya kuzunguka, kutengenezwa, kuchomelewa na kubadilishwa vipuri. Mambo hayo yamo katika kumbukumbu za mafundi. Fundi wa siku nyingi akisikia ndani ya turbini sauti kama ya kokoto zinazopita pamoja na maji, anajua kwamba hakuna kokoto: ni mapovu madogo ya mvuke yanayopasuka na kuula chuma kidogo kidogo. Akiweka mkono juu ya sehemu inayobeba mhimili, anatambua joto lisilo la kawaida. Akitazama mshale wa hezi ukishuka chini ya 50, anafahamu kwamba mzigo umezidi nguvu, na kwamba ana muda mfupi wa kuamua. Elimu ya namna hii hupita kwa mtu kuishi karibu na mtu. Mzee akistaafu kabla kijana hajaletwa karibu naye, ameondoka nayo, na hakuna chuo kitakachoirudisha.

Tena majira yetu yanatusaidia. Katika Katanga mvua hunyesha hasa kuanzia Novemba hadi Aprili. Kiangazi kikiendelea, mito hupungua, na huo ndio wakati unaofaa kusimamisha mashine moja baada ya nyingine ili zifunguliwe, zisafishwe na zipimwe. Likizo kubwa ya wanafunzi huangukia katika miezi hiyohiyo. Kijana anayeingia kituoni wakati huo anaweza kuona kwa macho yake mambo ambayo mwalimu aliyachora ubaoni: mabawa ya turbini yaliyolika, milango ya kuongoza maji, nyaya za ndani ya jenereta. Kumleta kituoni mwezi huo na kumkalisha ofisini apange mafaili ni kumnyima somo alilolijia.

Na tukumbuke Mwadingusha yenyewe. Mashine zake kuukuu zimeondolewa, na mwaka 2021 ukarabati mkubwa ulikipa kituo turbini sita mpya zenye jumla ya megawati 78, kwa fedha zilizotoka katika uchimbaji wa shaba. Kazi ya ukubwa huo mtu huiona labda mara moja katika maisha yake. Kila mradi wa namna hiyo unaofanyika katika nchi yetu ungepaswa kuandikwa tangu mwanzo katika mkataba kwamba utapokea idadi fulani ya wanafunzi wetu, tangu siku ya kubomoa hadi siku ya kuwasha. Kampuni ya kigeni ikimaliza hufunga mizigo na kwenda zake. Ujuzi hubaki tu kama kuna aliyewekwa pale kuupokea.

Wakuu wa vituo wana majibu yao, nasi tuyasikilize kwa haki. Wanasema umeme unaua, na mwanafunzi asiyezoea anaweza kujiangamiza au kuwaangamiza wenzake. Wanasema pia mafundi ni wachache, kazi ni nyingi, na kumfundisha mgeni kunapoteza muda. Hoja ya kwanza ni ya kweli kabisa, na kwa sababu hiyo usalama uwe somo la siku ya kwanza. Kijana asiguse chochote kabla hajaweza kueleza kwa mdomo wake jinsi ya kutenga mtambo na umeme, kuufunga kwa kufuli, kuhakikisha kwa kipimo kwamba hauna umeme, na kuuunganisha na ardhi. Anayejifunza utaratibu huo akiwa na miaka 22, chini ya jicho la mzee mkali, ataulinda uhai wa wengi atakapokuwa mkuu wa zamu. Ama hoja ya pili, wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kijana anayejua kutumia kompyuta anaweza kuzipanga kumbukumbu za joto na mitikisiko zilizolala katika madaftari kwa miaka, zikaanza kuonyesha ni mashine ipi inayoelekea kuharibika. Fundi atakuwa ametoa muda, naye atakuwa amepata msaada.

Kuna jambo zito zaidi ambalo tunalisema kwa minong'ono. Mahali pengi nafasi ya staji haipatikani kwa alama za mwanafunzi. Inapatikana kwa mjomba, kwa kabila, kwa bahasha, na wakati mwingine msichana huombwa malipo ya aibu. Tuite mambo hayo kwa jina lake: ni dhuluma, tena ni dhuluma inayorudi kutupiga sote, kwa maana anayeingia kituoni kwa bahasha hatakuwa na sababu ya kujifunza. Ameshafundishwa kwamba milango hufunguliwa kwa njia nyingine.

Tena kuna ubaguzi ambao haukukusudiwa na mtu. Vituo vya umeme wa maji vipo maporomoko yalipo, mbali na miji. Nauli, chakula na mahali pa kulala kwa majuma sita ni mzigo ambao mtoto wa mkulima au wa mchuuzi hawezi kuubeba. Kwa hiyo, hata pasipo rushwa yoyote, anayekwenda ni yule mwenye ndugu katika kambi ya wafanyakazi. Mwenye akili na asiye na kitu hubaki mjini, akaomba staji katika duka la kuuza balbu, naye hupewa muhuri uleule.

Dawa haihitaji mabilioni. Vituo na makampuni yatangaze mapema, tuseme mwezi wa Aprili, idadi ya nafasi na majina ya wasimamizi. Chuo kichague kwa matokeo ya mitihani, na orodha ibandikwe ukutani, kila mtu aisome. Pasiwe na malipo ya kuomba wala ya kupokelewa. Msimamizi mmoja asipewe wanafunzi zaidi ya watatu, na kazi hiyo ihesabiwe katika kumpandisha cheo, maana leo anayefundisha vizuri na anayefukuza wanafunzi hulipwa sawa. Kila mwanafunzi apewe swali moja la kweli la kituo hicho, awe na daftari la kila siku, na mwishoni ajieleze mbele ya fundi na mwalimu pamoja. Ripoti zinazonakiliwa mwaka hadi mwaka, zikibadilishwa jina tu, zikataliwe. Mwalimu anayezipokea bila kuzisoma ana sehemu yake katika giza letu.

Nasi walei tusingoje serikali kwa kila jambo. Kati yetu wamo wahandisi na mafundi waliostaafu: wakubali kukaa na vijana, hata Jumamosi moja kwa mwezi, kuwaeleza waliyoyaona. Wamo wafanyakazi wa makampuni ya umeme na ya madini: wakatae bahasha, na wamtetee mwanafunzi asiye na mtetezi. Jumuiya zilizo karibu na vituo zinaweza kumpa kijana kitanda na sahani ya bukari kwa majuma sita, kama tunavyowapokea wageni wengine. Na sisi wazazi tuache kumwuliza mtoto kama ameshapata muhuri. Tumwulize amejifunza nini, na kwa nani.

Siku moja kijana huyo ndiye atakayekuwa zamu usiku, peke yake, mashine itakapobadilisha sauti. Tunapaswa kuamua sasa kama atakuwa amewahi kuisikia sauti hiyo akiwa na mzee kando yake.