Wageni wa Gofu na Njia ya Baraka

Juma lililopita tulipata barua ya rafiki yetu mmoja, tuliyesoma naye hapa Uvira, ambaye alihamia Nairobi miaka kumi na miwili iliyopita. Siku hizi barua haziji kwa posta, huja kwa simu. Lakini hii ilikuwa barua hasa, ndefu, yenye salamu mwanzoni na salamu mwishoni. Ndani yake aliomba jambo ambalo hatujapata kuombwa tangu tuanze kufundisha: tumpangie yeye na wenzake watatu safari ya kucheza gofu katika pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika.

Kwa wale wasioujua mchezo huo, twaeleza kwa ufupi. Mchezaji hupiga mpira mdogo mgumu kwa fimbo, akiutafuta ufike katika shimo lililo mbali, penye majani mafupi. Na mashimo hayo kwa kawaida ni kumi na manane. Fimbo anazoruhusiwa kuchukua hazizidi kumi na nne, na zote hutiwa katika mfuko mmoja mrefu. Rafiki yetu aliujua mchezo huo kwa mabega yake kabla ya kuujua kwa mikono, maana alipofika Nairobi kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwabebea wengine mifuko hiyo. Leo ana mfuko wake mwenyewe. Hatumwonei wivu, tulifurahi sana kusikia.

Wenzake ni watu wa Kenya. Wamekwisha kucheza pwani ya bahari, Diani na Vipingo, na Mombasa, ambako kiwanja kimoja kiko juu ya genge na mpira uliokosewa huenda zake baharini. Sasa wamesikia kwamba kwetu milima yashuka mpaka majini, wakatamani pwani iliyo kali kuliko zote walizoziona.

Hapo walisikia kweli. Anayesimama Kalundu, penye bandari, na kuupa mgongo ukuta wa maghala, ataona mlima ukianza hapo hapo nyuma ya nyumba za mwisho. Ziwa liko mita 770 na kitu juu ya bahari. Milima iliyo nyuma yetu yapita mita 2,000 mwendo mfupi tu kutoka ufukoni, na Itombwe iliyo nyuma zaidi yapita 3,000. Na maji nayo yashuka vivyo hivyo: kina cha ziwa hili, mahali palipo na kina kuliko pote, ni karibu mita 1,470, na duniani ni Baikal peke yake inayolipita. Basi sisi wa Uvira twakaa juu ya ukingo mwembamba kati ya mlima na shimo. Mgeni akiona picha husema ni pazuri. Ni pazuri kweli.

Lakini kiwanja cha gofu hapana. Kiwanja chenye mashimo kumi na manane chahitaji hekta hamsini hata sitini. Twawaomba wasomaji wa Mulongwe, Kasenga na Kalundu watuonyeshe hekta moja tu iliyo tambarare na isiyo na nyumba, shamba la muhogo wala kaburi. Tulipomwandikia hivyo rafiki yetu, alijibu kwamba si neno, watacheza Bujumbura siku mbili, kwa kuwa kule kiwanja kipo, kisha watavuka kuja kwetu kutazama pwani na kupiga mipira michache majini kwa kujifurahisha. Akaongeza mwishoni, baada ya kuuliza bei ya magari na usalama wa mifuko: «Na nafasi ikipatikana, tutapita kumsalimu mama.»

Neno hilo tutalirudia.

Kwanza tulifanya kazi tuliyoombwa, nayo ilitufundisha mengi. Kutoka Bujumbura kuja Uvira si mbali, hayafiki maili ishirini, njia yapita Gatumba na kuvuka mpaka Kavimvira. Lakini umbali katika nchi hii hauhesabiwi kwa maili. Mpaka huo umefungwa zaidi ya mara moja katika miaka hii, na usiku hakuna anayepita. Tangu mwaka 2020 ziwa lilipopanda, Gatumba imefunikwa na maji mara nyingi, na watu waliokuwa na nyumba za matofali wamelala chini ya turubai. Mwezi wa Desemba 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Uvira yenyewe, na watu maelfu kwa maelfu wakakimbilia Burundi kwa njia hiyo hiyo ambayo wageni wetu wangeijia na mifuko ya gofu. Kwa hiyo jambo la kwanza tulilowaandikia ni hili: msilipe kitu chochote kisichorudishwa mpaka muwe mmesikia habari za juma lile lile, kutoka kwa mtu anayelala Uvira. Habari za mwezi uliopita hazifai.

Kisha hati. Kila mmoja awe na pasipoti, ruhusa ya kuingia nchi zote mbili, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Dola wazilete safi, maana noti iliyochanika hata kidogo pembeni hukataliwa sokoni kwetu. Na saa zao wazirudishe nyuma saa moja. Wengi wamekuta mpaka umefungwa kwa sababu ya saa hiyo moja.

Baada ya hapo tukafika kwenye swali gumu, yaani majira. Rafiki yetu alitaka kuja Aprili, kwa kuwa ndipo likizo yake. Tulimkatalia kabisa. Wote waliokuwapo wakumbuka usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua iliponyesha milimani na mto Mulongwe ukashuka ukiwa umebeba mawe makubwa kama magari. Watu makumi walikufa, na maelfu ya nyumba zilikwenda. Wanafunzi wetu kadhaa hawakurudi darasani mwaka ule, na wengine walirudi bila viatu wala madaftari. Mito ya kwetu ni mifupi na mlima ni mkali. Mvua ikinyesha juu, maji hufika chini kabla ya mtu kupata nafasi ya kuwaamsha watoto wote. Njia ya kwenda kusini, kupitia Makobola, Swima na Mboko hata Baraka, yavuka mito mingi ya namna hiyo, na masika daraja moja likiondoka safari imekwisha.

Basi waje Juni, Julai au Agosti, wakati wa kiangazi. Njia huwa kavu. Vumbi litakuwapo, lakini vumbi halibomoi daraja. Hata hivyo kiangazi nacho kina deni lake, na hilo wageni hawalijui: ndipo upepo wa kusini unapovuma juu ya ziwa lote kwa urefu wake, zaidi ya kilometa 600, na kuyasukuma mawimbi mpaka kwetu huku kaskazini. Wavuvi wetu huujua na hungoja. Masika ziwa huweza kulala kimya huku njia imekatika. Kiangazi njia hufunguka huku ziwa limekasirika. Anayetaka vyote viwili kwa siku moja hatapata.

Wageni walitaka kwenda Baraka kwa boti, kwa sababu gari hutikisika, na mmoja wao anaumwa mgongo. Ni kilometa mia au karibu na hapo. Tuliwaambia: mkitaka boti, ondokeni alfajiri, msikubali boti iliyokwisha kujaa magunia, na kila mtu avae koti la kuelea tangu ufukoni, hata kama vijana wa boti watamcheka. Usiku msisafiri, ijapokuwa ndio wakati wa bei nafuu. Usiku wa giza ziwa lina taa za wavuvi wa ndakala kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji, na ni furaha kuzitazama. Lakini zitazameni mkiwa mmeketi nchi kavu.

Wala wageni hawa si wa kwanza kupangiwa safari ya pwani hii na watu wasioijua. Aprili 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walitoka Ujiji kwa mitumbwi miwili, wakapita Ubwari, wakafika Uvira. Walitaka jambo moja tu, kujua kama mto Ruzizi waingia ziwani au watoka humo. Walilipa sana, walikuwa wagonjwa, mmoja ulimi umevimba hata kusema kwake kulikuwa taabu, na wapiga makasia wakakataa kuwapeleka mbele zaidi. Watu wa Uvira waliwaambia kwamba mto waingia. Mtoto yeyote angaliwaambia hivyo. Lakini hawakufika kuuona mdomo wa mto, wakageuka. Ilibidi kungoja mpaka Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipopiga makasia hadi hapo na kuyaona maji yakiingia. Twasimulia hayo kwa sababu yalitusaidia kufikiri: wale wa kwanza walifika mlangoni hasa pa jambo walilolijia, mwendo wa saa chache, wakarudi.

Sasa turudi kwa mama.

Mama wa rafiki yetu akaa katika kijiji kimoja kusini ya Makobola. Twamfahamu, tulipokuwa wanafunzi tulikula kwake mikeke ya kukaanga kila tulipopita, wala hakuuliza tumetokea wapi. Nyumba ile tuliyokula haipo tena. Ziwa lilipopanda liliingia kwanza jikoni, kisha chumbani, na mwishoni ukuta wa upande wa maji ukalala. Alihamia juu, karibu na mlima, kwenye nyumba ndogo aliyojengewa na vijana wa jirani. Mwanawe alituma fedha za mabati, na zilifika, na mabati yapo. Lakini nyumba yenyewe hajaiona. Akishushwa garini leo mahali pa zamani, atakuta maji, na itambidi amwulize mtoto asiyemjua njia ya kwenda kwa mama yake.

Tulipoandika mpango wa siku sita, basi, tuliuandika hivi: siku ya kwanza na ya pili Bujumbura, gofu; siku ya tatu kuvuka na kulala Uvira; siku ya nne asubuhi kwa mama, na kulala huko, yeye peke yake; wenzake walale Uvira au waende Baraka na dereva tunayemjua, wakiona njia ni salama, kwa kuwa katika Fizi yako makundi yenye silaha na hakuna anayeweza kuahidi. Siku ya tano aendelee kukaa. Ya sita kurudi.

Alinyamaza siku tatu. Twakiri kwamba tulianza kujilaumu. Hatukuombwa kuwa wazazi wake, tuliombwa bei za magari. Mke wetu alisema tumefanya vema. Ndugu yetu mkubwa alisema mtu mzima hapangiwi siku za kulala kwa mama yake, na kwamba pengine alikuwa na sababu zake za kuandika «nafasi ikipatikana». Na kweli, tulipofikiri, tulikumbuka kwamba aliondoka baada ya maneno makali juu ya shamba la marehemu baba yake, nasi tulikuwapo. Mtu aweza kubeba mfuko wa fimbo kumi na nne miaka mingi na asiweze kubeba neno moja alilomwambia mama yake mlangoni.

Tukatamani kumwandikia tena, kuupunguza ukali, tuseme siku ya nne kwa mama ni ya hiari. Tuliandika, tukafuta. Tulimpelekea tu picha ya nyumba mpya, aliyoipiga mwanafunzi wetu mmoja wa huko: mabati, mlango wa mbao usiopakwa rangi, na ungo wa ndakala uliotandazwa juani mbele yake. Mama mwenyewe hakuonekana katika picha, ila kivuli chake kilionekana pembeni.

Jibu lilikuja Jumapili jioni. Ameihamisha likizo yake mpaka Julai. Mfuko wa gofu atauacha Bujumbura kwa mwenyeji, atavuka na fimbo moja tu, ya chuma, ili wenzake wapate kupiga ile mipira michache ziwani kama walivyopatana. Hakusema lolote juu ya zile siku mbili, wala hakuzifuta. Ameuliza mambo mawili: kama gari laweza kupanda mpaka penye mlango ule, au apande kwa miguu, na kama mama angali anapenda majani ya chai ya Kericho, au amekwisha kuyaacha.

La kwanza tumemjibu: gari hukomea barabarani, kisha ni kupanda dakika ishirini, avae viatu vya kawaida. La pili tumempigia mama simu kwa jirani yake, tukamwuliza, naye akasema tumwambie mwanawe aje amwulize mwenyewe.