Kabla ya kutaja bei, tumpime kwanza mshambuliaji

Dirisha la usajili likikaribia, hapa Nyamasaria mazungumzo huwa ni yale yale. Stendi ya matatu, kibanda cha chai, hata nje ya msikiti baada ya Alasiri, watu wanaulizana Gor Mahia imsajili nani na imwache nani. Mimi mtu wa pwani ninayeishi huku bara nasikiliza, na naona tunakimbilia bei kabla ya kuitazama bidhaa.

Chukueni mfano wa Meddie Kagere. Juni 2018, katika uwanja wa Afraha kule Nakuru, Gor Mahia iliifunga Simba ya Dar es Salaam 2-0 kwenye fainali ya SportPesa Super Cup. Kagere alifunga bao moja, Jacques Tuyisenge jingine. Muda mfupi baadaye Simba wakamchukua Kagere. Alikuwa na miaka 31, na kuna waliocheka kwamba Watanzania wamebebeshwa mzee.

Mzee huyo alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania msimu wa 2018/19 kwa mabao 23, na msimu uliofuata akarudia kwa mabao 22. Februari 2019 ndiye aliyefunga bao pekee Simba ilipoishinda Al Ahly ya Misri jijini Dar es Salaam, na Simba ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Msimu wa tatu, 2020/21, ufungaji bora ulikwenda kwa mwenzake John Bocco aliyefunga 16.

Hesabu yake ni hii. Simba hawakununua miaka kumi. Walinunua misimu miwili ya mabao kutoka kwa mtu aliyekomaa, na wakaipata. Mchezaji wa umri ule hufaa timu inayotaka kombe mwaka huu, kwa mkataba mfupi. Ukimpa miaka minne, utamlipa mshahara akiwa benchi.

Sasa mtazameni Michael Olunga. Mwaka 2015 aliifungia Gor Mahia mabao 19 kwenye ligi, timu ikatwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Alikuwa na miaka 21 tu. Akaenda Djurgården ya Uswidi, na baada ya msimu mmoja Waswidi wakamuuza China kwa faida kubwa. Mwaka 2020 akafunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani na kuchaguliwa mchezaji bora. Huyu ni bidhaa ya aina nyingine: anayemnunua ananunua kesho, na muuzaji asipokuwa makini faida yote italiwa mbele ya safari.

Kwetu pwani dafu na nazi hutoka mnazi mmoja, lakini hakuna anayekuna dafu. Kagere alikuwa nazi, Olunga dafu. Klabu isiyojua inatafuta kipi itapoteza pesa kwa vyote viwili.

Kwa hiyo kiongozi wa klabu ajiulize maswali manne kabla ya kutia sahihi. Mabao yake ni ya misimu mingapi, au ni ya mechi moja tuliyoiona sote? Amekosa mechi ngapi kwa majeraha? Anafunga kwa namna gani, na sisi tunao wa kumpigia mipira hiyo? Je, mshahara wake tutaumudu mpaka mwezi wa mwisho wa mkataba? Katika biashara ya Kiislamu kuficha aibu ya bidhaa ni haramu. Goti bovu ni aibu ya bidhaa, basi daktari amwone kwanza.

Swali la nne ndilo linalouma zaidi. Gor Mahia imewahi kufungiwa na FIFA isisajili kwa sababu ya madeni ya wachezaji wake wa zamani. Usajili mbaya hauishi siku mchezaji anapoondoka.

Upande wa kuuza nao una mambo. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Ada ikiwa shilingi milioni 10, fungu hilo ni laki 5, na timu iliyomlea misimu minne kuanzia miaka 12 hadi 15 hupata laki 1. Lakini mkataba ukiisha mchezaji huondoka bure, na asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Na timu ya mtaani ambayo haikumsajili mtoto kwenye shirikisho haina cha kudai, hata kama ndiyo iliyomnunulia viatu vya kwanza.

Vijana wanaopiga mpira wa vumbi hapa Nyamasaria wako karibu kabisa na uwanja mkubwa wa Mamboleo. Wanaowalea waanze na daftari: jina, tarehe ya kuzaliwa, msimu, usajili. Siku mnunuzi akija kutoka Dar es Salaam au Uswidi, daftari hilo ndilo litakalosema nani alipanda mnazi.