Uhuru Uliofungwa
Mnamo 1974 kampuni ya Mego ya Marekani ilitoa wanasesere wa Star Trek, mchezo wa televisheni ulioonyeshwa tangu 1966 hadi 1969. Mmoja wao ni Uhura, mwanamke mweusi aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina hilo limetokana na neno letu, uhuru. Leo wakusanyaji humthamini zaidi akiwa hajafunguliwa pakiti yake. Ajabu! Mwenye jina la uhuru ndiye afungwaye.

Nasi tusiwacheke. Majumbani mwetu midoli ya ng'ambo hupangwa kabatini, watoto wakaitazama kwa vioo. Bibi Aisha alichezea wanasesere wake, naye Mtume (S.A.W.) hakumkataza. Wazazi, fungueni makabati. Kitu cha mtoto ni kuchezewa, hata kikivunjika.