Watoto Wetu Wafundishwe Pia Kutawala Kasirani

Karavia, Lubumbashi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Jimbo anayesimamia Elimu, Haut-Katanga

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kama mzazi wa Karavia, mtaa ambao wageni wanaujua kwa hoteli yake kubwa kando ya ziwa. Ombi langu ni hili: shule za msingi za jimbo letu zitenge muda wa kuwafundisha watoto kuzitambua hisia zao na kuzitawala, na walimu waandaliwe kwa kazi hiyo.

Tazama jambo linaloweza kutokea katika darasa lolote. Mtoto wa mwaka wa pili anachekwa kwa sababu ya viatu vilivyopasuka. Ananyamaza, anakunja ngumi, kisha anampiga mwenzake. Mwalimu anampigisha magoti mbele ya ubao mpaka kengele ilie. Aliyecheka haulizwi kitu. Aliyepiga anaondoka na kasirani ileile, na sasa ameongezewa haya. Hakuna aliyemwonyesha kwamba angeweza kupumua polepole, akasogea kando, akamwambia mwalimu: "Wananichekelea, roho inaniuma." Hilo linafundishika, sawa na kusoma na kuhesabu.

Simlaumu mwalimu. Tangu Septemba 2019, masomo ya msingi yalipoanza kuwa bure kama Katiba ya 2006 ilivyoahidi, watoto wengi wameingia shuleni, na tunashukuru. Lakini madarasa yamejaa, na wako walimu wanaofundisha huku majina yao hayamo kwenye orodha ya mishahara ya Serikali. Mwalimu anayeingia darasani na mzigo huo atamtulizaje mtoto, ikiwa yeye mwenyewe hana wa kumtuliza?

Kuwaandaa walimu kwa kazi hii si jambo geni Katanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, kabla jimbo la Katanga halijagawanywa mwaka 2015, shirika la International Rescue Committee liliwaandaa walimu wa shule za msingi za hapa. Walikutana kwa vikundi, wakasaidiana kutafuta namna ya kulifanya darasa liwe mahali pa amani kwa mtoto, bila kuacha masomo ya kawaida. Watafiti wa New York University walilinganisha shule zilizoanza na zile zilizongoja zamu yao. Baada ya mwaka mmoja, wanafunzi wa shule zilizoanza waliona zaidi kwamba shule na walimu wao wanawajali. Majeraha ya moyoni, hata hivyo, hayakuonekana kupungua kwa muda huo. Kwa hiyo njia tunayo, ila inadai miaka ya uvumilivu. Semina ya siku mbili haitatosha.

Mheshimiwa, hatuombi somo jipya wala vitabu vya gharama. Somo la uraia na maadili tayari lipo. Humo zipatikane dakika kumi kila asubuhi, kwa Kiswahili, ili mtoto wa mwaka wa kwanza na wa pili aseme ameamkaje na ajifunze la kufanya hasira au woga unapompanda. Walimu wa kila shule wakutane mara kwa mara na direkta wao, wajadili watoto wanaowasumbua, na wao pia waseme yanayowalemea. Inspekta anapokagua madaftari, aangalie pia mtoto anavyotendewa, kwa kuwa sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 inataka nidhamu ya shule ifuate utu. Na majina ya walimu wasiolipwa yafikishwe Kinshasa kwa sauti yako.

Wapo watakaosema malezi ni kazi ya nyumbani. Ni kweli, na sisi wazazi hatuikimbii. Lakini mtoto hushinda na wenzake shuleni, na huko ndiko anakochokozwa, anakoogopa na anakopigana. Huko ndiko anakopaswa kufundishwa.

Anza na shule chache za Lubumbashi mwaka wa shule ujao. Sisi wazazi wa Karavia tuko tayari kuketi na walimu na kusaidia.

Kwa heshima,

Mzazi wa Karavia